KELELE SI NGUVU: KUCHAGUA BOMBA LA MOSHI LA PIKIPIKI YA CHAMA

Somo kwa wajumbe wa bodi, makatibu na waendesha pikipiki wa vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, wajumbe waweze kueleza kazi ya bomba la moshi katika injini ya pikipiki. Waweze kupima bomba kabla ya kulinunua. Na waweze kufanya uamuzi wa ununuzi ambao hawataona haya kuueleza mbele ya mkutano mkuu.

Utangulizi

Katika vyama vingi vya msingi pikipiki ndiyo miguu ya chama. Humpeleka karani kwenye vituo vya kupokelea mazao, humfikisha bwana shamba kwa wakulima, na hupeleka hesabu na stakabadhi kwenye chama kikuu. Imenunuliwa kwa fedha za wanachama, na kila kipuri kinachofungwa juu yake hulipwa kwa fedha hizo hizo.

Mojawapo ya vipuri vinavyochakaa mapema ni bomba la moshi, yaani lile bomba linalotoka kwenye kichwa cha silinda na kuingia katika sailensa. Mafundi wengi huita sehemu hizo mbili pamoja ekzosi. Siku bomba linapotoboka, chama hukutana na mabomba ya namna nyingi dukani: lililotengenezwa na kiwanda cha pikipiki yenyewe, lililoigwa na viwanda vingine, lililochomelewa na fundi wa mtaani, na lile linalosifiwa kuwa ni la mashindano. Kuchagua miongoni mwa hayo si jambo dogo kama linavyoonekana.

Mfano

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, lakini yaliyomo si mageni kwa wenye pikipiki.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa, kilichoko milimani, kina pikipiki ya sentimeta za ujazo 125. Baada ya miaka minne bomba lake likatobolewa na kutu. Muuza vipuri akamwonyesha katibu bomba jipya, nene na fupi kuliko la zamani, linalong'aa kama kioo, na bei yake iko chini ya lile la kiwandani. Akaambiwa kwamba bomba hilo "linafungua injini". Katibu akalinunua bila kuishauri bodi, kwa kuwa fedha zilizohitajika hazikuwa nyingi.

Siku ya kwanza watoto walitoka mbio kuitazama pikipiki, na mwendeshaji akafurahi. Mwezi wa pili alianza kupanda kwa gia ya kwanza mlima aliozoea kuupanda kwa gia ya pili. Kila alipoachia mafuta kwenye mteremko, bomba lilipasua milio kama fataki. Petroli iliyotosha wiki nzima ikawa inakwisha siku ya tano. Hatimaye, katikati ya msimu wa ununuzi, valvu ya kutolea moshi ikaungua na injini ikakosa nguvu kabisa.

Kwa wiki tatu karani hakuweza kufika kwenye vituo viwili vya mbali kwa siku zilizopangwa. Wanachama kadhaa, wenye ada za shule za kulipa, hawakuweza kungoja, wakauza kahawa yao kwa walanguzi kwa bei ya chini. Katika mkutano mkuu, mzee mmoja alisimama akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, pikipiki yetu sasa inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Sauti imeongezeka. Je, na magunia yameongezeka?"

Hapakuwa na aliyemjibu. Somo hili linaeleza kile ambacho bodi ya chama hicho ingepaswa kukijua mapema.

1. Bomba la moshi hufanya kazi gani?

Wengi hudhani kwamba bomba ni njia ya kutupia uchafu tu. Kwa kweli ni sehemu ya injini, kama ilivyo kabureta.

Katika injini ya mipigo minne, pistoni huvuta petroli na hewa, huvigandamiza, plagi huviwasha, kisha moshi hutolewa nje. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, moshi wa moto wenye mgandamizo mkubwa hufumuka kuingia bombani. Mfumuko huo hupeleka wimbi la mgandamizo mbele yake. Wimbi likifika pale bomba linapopanuka ghafla, kama kwenye mlango wa sailensa, sehemu yake hurudi nyuma, lakini hurudi likiwa limegeuka kuwa wimbi la kuvuta.

Hapo ndipo penye faida. Wimbi la kuvuta likifika kwenye silinda wakati valvu ya kutolea moshi bado haijafunga na ile ya kuingizia hewa imeanza kufunguka, litavuta nje mabaki ya moshi na kuusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Injini itapata nguvu zaidi kwa petroli ile ile. Likichelewa au likiwahi mno, msaada huo hupotea. Na likifika wimbi la kusukuma badala ya la kuvuta, moshi utarudishwa ndani.

2. Urefu wa bomba

Mawimbi hayo husafiri ndani ya moshi wa moto kwa mwendo unaofikia mita 500 kwa sekunde, na hata zaidi moshi ukiwa wa moto sana. Kwenda na kurudi katika bomba lenye urefu wa sentimeta 60 ni mwendo wa mita 1.2, nao huchukua kiasi cha milisekunde 2.4, yaani sehemu 2.4 za elfu ya sekunde.

Injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 12. Kwa hiyo wimbi huenda na kurudi katika muda wa sehemu moja ya tano ya mzunguko. Injini hiyo ikizunguka mara 10,000, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 6, na wimbi lile lile huchukua sehemu mbili za tano za mzunguko. Bomba halikubadilika, lakini wimbi sasa linafika wakati pistoni na valvu ziko mahali pengine kabisa.

Kutokana na hesabu hiyo yaonekana kwamba hakuna bomba linalofaa mizunguko yote. Bomba refu hufaa injini inayofanya kazi kwa mizunguko ya chini na ya kati. Bomba fupi hufaa injini inayozungushwa kasi sana. Pikipiki ya mashindano hukaa juu ya mizunguko muda wote. Pikipiki ya chama hupanda mlima na gunia nyuma, hupita kwenye matope, husimama na kuondoka kila kituo. Nguvu inayoihitaji ni ile ya chini. Bomba fupi la mashindano likifungwa kwenye pikipiki ya kazi huihamishia nguvu hiyo mahali ambapo mwendeshaji hafiki.

3. Upana wa bomba

Wako wasemao kwamba injini hutaka izuiliwe kidogo ili iwe na nguvu. Wengine husema kinyume, kwamba kadiri bomba lilivyo pana ndivyo injini inavyopumua vizuri. Kauli zote mbili zina kasoro. Kizuizi hakiipi injini nguvu. Lakini bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupunguza mwendo, na mvuto wake hulegea.

Mfano wa hesabu: bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 28 lina eneo la tundu la milimita za mraba zipatazo 616. Likibadilishwa kwa lenye milimita 38, eneo huwa kama 1,134. Jicho limeona tofauti ya sentimeta moja tu, lakini eneo limekaribia kuwa mara mbili, na mwendo wa moshi umepungua karibu nusu.

Mnunuzi ajihadhari na jambo moja ambalo huwadanganya hata mafundi. Baadhi ya mabomba ya kiwandani yana kuta mbili, moja ndani ya nyingine, ili joto lisiharibu rangi ya nje. Bomba la kuigwa huweza kuwa na unene ule ule kwa nje, lakini likiwa na ukuta mmoja tu tundu lake ni pana zaidi. Kwa hiyo bomba lipimwe kwa ndani, mdomoni, na si kwa nje.

4. Funzo kutoka kwa injini za mipigo miwili

Vyama na idara za kilimo zilizotumia pikipiki za mipigo miwili, kama vile Yamaha AG100, zitakumbuka kwamba bomba lake lina tumbo: hupanuka polepole, kisha husinyaa. Umbo hilo si la mapambo. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, katika Ujerumani ya Mashariki, aliyachunguza mawimbi ya moshi na kulirekebisha tumbo hilo ili wimbi la kurudi lirudishe silindani petroli iliyokuwa ikitorokea nje. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya sentimeta za ujazo 125 ilitoa nguvu farasi zipatazo 25. Mwaka huo huo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi, na ujuzi huo ukafika kwa Suzuki ya Japani, ambayo ilishinda ubingwa wa dunia wa daraja la sentimeta 50 mwaka 1962.

Habari hii ina mafunzo mawili. Kwanza, umbo la bomba peke yake laweza kubadilisha tabia ya injini. Pili, nguvu ya injini hizo za mashindano ilikaa katika eneo jembamba la mizunguko ya juu, hata waendeshaji wakalazimika kubadili gia kila mara ili wasitoke humo. Hakuna mpanda mlima mwenye gunia atakayeweza kazi hiyo. Na kwa pikipiki yoyote ya mipigo miwili, bomba la umbo jingine lisifungwe kamwe kwa kubahatisha.

5. Uhusiano wa bomba na kabureta

Kiwanda hupima tundu la petroli la kabureta, ambalo mafundi huliita jeti, kulingana na bomba lililofungwa. Bomba na sailensa nyepesi zikiingiza hewa nyingi kuliko ilivyokusudiwa, mchanganyiko huwa hafifu: hewa nyingi, petroli kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo huongeza joto, na valvu ya kutolea moshi ndiyo huumia kwanza. Hiki ndicho kilichoipata pikipiki ya mfano wetu.

Dalili zake ni hizi: milio ya kupasuka mwendeshaji anapoachia mafuta, bomba kugeuka rangi ya buluu karibu na kichwa, injini kukosa nguvu ghafla, na ncha ya plagi kuwa nyeupe. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi.

Fundi aweza kuweka jeti kubwa zaidi ili kuondoa hatari hiyo, lakini hapo petroli itaongezeka. Na ichukuliwe pikipiki iliyokwenda kilometa 40 kwa lita, ambayo sasa inakwenda kilometa 34. Kwa mwendo wa kilometa 1,200 kwa mwezi, lita 30 zimekuwa zaidi ya 35. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 60 zilizopotea. Bodi ilinganishe lita hizo na fedha iliyodhaniwa kuokolewa dukani.

Pikipiki za siku hizi zisizo na kabureta huwa na kipima hewa kilichofungwa bombani. Bomba jipya lazima liwe na tundu la kukifunga mahali pale pale. Zile zenye kichujio cha gesi za sumu ndani ya ekzosi zisiondolewe kichujio hicho, kwani moshi wake utakuwa na madhara zaidi.

6. Chuma na ufundi

Petroli inapoungua hutoa maji pamoja na moshi: lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, ingawa mengi hutoka kama mvuke. Pikipiki inayokwenda safari fupi fupi haipati joto la kutosha kukausha maji hayo, nayo huoza kutoka ndani. Ndiyo maana sailensa nyingi zina tundu dogo kwa chini. Fundi asilizibe kwa kulidhania kuwa ni tobo la kutu.

Chuma cha kawaida ni rahisi na huchomeleka kila mahali, lakini hushika kutu. Kromiamu iliyopakwa juu hulinda sura ya nje tu. Chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, na bei yake ni kubwa. Wengine hukipima kwa sumaku, lakini kipimo hicho hakitoshi, kwani ziko aina halisi za chuma hicho zinazoshikwa na sumaku. Ni afadhali kutazama unene wa ukuta, na maungio kwa ndani kama hayana matone ya chuma yanayozuia njia. Mikunjo nayo ikaguliwe: bomba lililokunjwa vibaya husinyaa kwenye kona.

Kinga ya joto isisahauliwe. Bomba likiwa kazini hupata joto la mamia ya nyuzi, na abiria wengi wamebeba makovu ya kuungua ndama za miguu. Bomba lisilo na kinga, au linalopita karibu na mguu kuliko la zamani, lisinunuliwe hata kama ni zuri kwa mengine yote.

7. Kufunga

Bomba jema likifungwa vibaya huwa baya. Utaratibu ni huu:

(a) Nati za kwenye kichwa cha injini zipakwe mafuta ya kupenyeza siku moja kabla, kwani bolti ikikatikia ndani gharama yake huzidi ya bomba.
(b) Gasketi iwe mpya kila bomba linapofunguliwa.
(c) Nati zote zishikizwe kwanza kwa mkono. Zile za kwenye kichwa zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, kisha ndipo ikazwe ile ya nyuma ya sailensa. Bomba lisivutwe kwa nguvu ili lifike kwenye tundu la fremu; bomba lililovutwa hupasuka kwa mtikisiko.
(d) Baada ya safari ya kwanza, injini ikiisha kupoa, nati zikazwe tena.
(e) Baada ya wiki moja maungio yatazamwe. Masizi meusi ni alama ya kuvuja.

Injini isiwashwe ndani ya ghala au chumba kilichofungwa kwa ajili ya kujaribiwa. Moshi una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

8. Uamuzi wa bodi

Kwa pikipiki ya kazi yenye silinda moja, ya sentimeta za ujazo 100 hadi 150, chaguo la busara kwa kawaida ni bomba lenye urefu, kipenyo cha ndani na sailensa sawa na vya kiwandani. Si lazima liwe na chapa ya kiwanda. Bomba la kuigwa lenye vipimo sahihi na maungio mazuri laweza kufaa. Na fundi mwaminifu wa mtaani aweza kukata kipande kilichooza na kuchomelea kingine chenye kipenyo kile kile cha ndani.

Kwa hiyo bomba la zamani lisitupwe kabla ya jipya kupatikana. Liende dukani pamoja na mnunuzi, pamoja na utepe wa kupimia na kalipa. Yaandikwe kwenye karatasi: urefu kutoka kichwani mpaka mlango wa sailensa, kipenyo cha ndani, unene wa ukuta, mahali pa vishikizo, na kuwapo kwa kinga ya joto. Bei zichukuliwe kutoka maduka yasiyopungua matatu. Muuzaji aulizwe kama atalipokea bomba lisipokaa sawa, na jibu lake liandikwe kwenye stakabadhi. Baada ya kufunga, daftari la pikipiki lionyeshe kilometa na lita kwa wiki nne, ili mabadiliko yaonekane mapema.

Katibu wa mfano wetu hakuwa mwizi, wala hakuwa mvivu. Alitaka kukipunguzia chama gharama. Kosa lake lilikuwa kuamua peke yake na kununua kwa jicho na sikio. Karatasi moja ya vipimo mbele ya bodi ingetosha kulizuia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Pikipiki ya chama chenu hufanya kazi gani zaidi: mwendo wa kasi barabarani, au kupanda milima na mizigo? Kazi hiyo inataka bomba la namna gani?
2. Pimeni kipenyo cha nje na cha ndani cha bomba la pikipiki yenu. Je, lina ukuta mmoja au miwili?
3. Hesabuni kilometa kwa lita kwa mwezi uliopita. Kama daftari halina takwimu hizo, nani atakabidhiwa kazi ya kuziandika?
4. Ni kiasi gani cha fedha ambacho katibu wenu aweza kukitumia kwa vipuri bila idhini ya bodi? Je, kiasi hicho kinafaa?
5. Kama mngekuwa wajumbe wa bodi katika mkutano ule, mngemjibuje mzee aliyeuliza habari za magunia?